Baka Gumu Lisilouma: Jua Kwanza Kama Bado Linatembea

Maswali kuhusu jambo hili hayakomi, na karibu yote yanafanana. Kuna baka mwilini, gumu, linang'aa, haliumi wala haliwashi sana. Lilianza dogo. Duka la dawa walitoa krimu ya fangasi, ikaisha, wakatoa nyingine. Mwishowe hospitali wakasema ni skleroderma. Aliyeambiwa hivyo akafungua simu kutafuta maana yake, akakutana na picha za mikono iliyokakamaa na habari za mapafu kuharibika, na usiku huo hakupata usingizi. Ndipo huuliza: "Je, nitakufa?" Kisha: "Nipake nini?"

Swali la kwanza lina jibu la kutuliza moyo. Skleroderma ya sehemu, ambayo madaktari pia huiita mofea, hukaa kwenye ngozi na wakati mwingine kwenye mafuta, misuli na mfupa ulio chini ya ngozi hiyo. Haiendi kukaza mapafu, figo wala moyo, na kwa karibu kila mgonjwa si ugonjwa wa kuua.

Swali la pili haliwezi kujibiwa kwa jina la krimu. Kabla ya kujua upake nini unatakiwa kujua mambo mawili: baka limeingia kina gani, na je, bado linatembea au limetulia? Dawa hufanya kazi wakati linatembea. Likishatulia na kuacha shimo au kiungo kifupi, dawa hairudishi kilicholiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia kwa urefu huu.

Magonjwa mawili yenye jina moja

Skleroderma ya mwili mzima na skleroderma ya sehemu ni magonjwa mawili tofauti. Ya kwanza huanzia vidoleni na inaweza kufika viungo vya ndani. Ya pili ni baka au mchirizi mahali fulani. Ya sehemu haikui ikageuka kuwa ya mwili mzima, hata kama una mabaka mengi. Mtu mmoja kuwa na yote mawili ni jambo la nadra.

Hata hivyo, usimalize hapo. Mwambie daktari mara moja ukiona dalili hizi, kwa sababu zinaelekeza kwenye ule ugonjwa mwingine:

- vidole kupauka na kisha kuwa vyeusi au vya bluu ukishika maji ya baridi, hasa kwa wanaoishi nyanda za juu;
- vidole kuvimba asubuhi, pete kukataa kutoka, ngozi ya vidole kukaza;
- chakula kukwama kifuani au kiungulia kisichoisha;
- kuishiwa pumzi kwa kazi ambayo zamani hukuihisi.

Kama huna hata moja kati ya hizo, na daktari amekuchunguza akakubali, acha kusoma habari za mapafu. Siyo zako.

Linavyoonekana kwenye ngozi nyeusi

Picha nyingi vitabuni ni za ngozi nyeupe. Zinaonyesha baka lenye ukingo wa zambarau, na wazazi wengi wamedanganyika kwa kutafuta zambarau ambayo kwa mtoto mweusi haionekani. Kwetu, ukingo wa baka linalotembea huwa mweusi zaidi ya ngozi ya jirani, au wa kijivu, au haubadiliki rangi ila una joto kidogo. Katikati panaweza kuwa peupe kama pembe ya ndovu au peusi panapong'aa. Vinyweleo hupotea na jasho halitoki.

Macho peke yake hayatoshi. Tumia vidole:

1. Simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukija kutoka ubavuni. Mng'ao na vishimo huonekana vizuri hivyo kuliko chini ya taa ya dari.
2. Fumba macho, kisha pitisha ncha za vidole taratibu kutoka ngozi nzima kuelekea kwenye baka. Utahisi mahali ugumu unapoanza, na mara nyingi ugumu huanza kabla ya rangi kubadilika.
3. Jaribu kuinua ngozi kwa kidole gumba na cha shahada. Ngozi nzima huinuka. Ya baka hubana kama iliyowambwa kwenye ngoma.
4. Linganisha na upande wa pili wa mwili, mahali palepale. Upande mmoja ukiwa umebonyea au mwembamba, usipuuze.

Kwa watu wazima, lililo la kawaida zaidi ni baka la mviringo, hasa kiwiliwilini. Kwa watoto ni mchirizi unaoshuka mkononi, mguuni au kwenye paji la uso. Wapo wenye mabaka mengi makubwa yanayoungana, na hao wanahitaji dawa ya kumeza hata kama hakuna kinachouma. Wanawake hupata ugonjwa huu zaidi ya wanaume.

Yanayochanganywa nalo

Ugonjwa huu ni adimu. Takwimu za Ulaya na Marekani huonyesha wagonjwa wapya wasiofika 3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Maana yake kwako ni hii: mhudumu wa zahanati anaweza kuwa hajawahi kuuona, na si kosa lake. Haya ndiyo yanayotajwa kimakosa:

- Choa na fangasi nyingine. Hutoa magamba na huwasha, na ngozi haikakamai. Kama umepaka dawa ya fangasi kwa wiki nne bila mabadiliko, usinunue ya pili.
- Mbalanga, yaani vitiligo. Ngozi hupoteza rangi lakini hubaki laini kabisa.
- Kovu. Kovu lina historia ya jeraha, na kwa kawaida mipaka yake haisogei mwezi hadi mwezi.
- Nywele kunyonyoka kwa kusukwa. Hili linawapoteza wengi. Mtoto wa kike ana mstari usio na nywele unaopanda kutoka kwenye paji hadi utosini, na kila mtu anamlaumu msusi. Msuko wa kubana hunyonyoa nywele za pembeni na mbele, pande zote mbili. Mstari mmoja, upande mmoja, wenye ngozi iliyobonyea, si kazi ya msusi.
- Ukoma. Huu lazima uondolewe kwenye orodha kwa uhakika. Baka la ukoma mara nyingi limepoteza hisia. Mgusishe mgonjwa uzi wa pamba juu ya baka akiwa amefumba macho, na umwombe aonyeshe ulipogusa. Asipohisi, nenda kituo cha afya upesi. Ukoma unatibika kabisa kwa vidonge. Hata akihisi, jaribio la nyumbani halitoshi kumwachisha daktari kupima.

Kuna kundi jingine ambalo watu huogopa kulitaja. Wanawake waliotibiwa saratani ya titi kwa mionzi wanaweza kupata ugumu huu kwenye titi lilelile miezi au miaka baadaye, wakadhani saratani imerudi. Usikae na hofu hiyo peke yako nyumbani, wala usijiaminishe kwamba ni mofea. Rudi kliniki ya saratani. Kipande kidogo cha ngozi kitatoa jibu.

Linatembea au limetulia?

Hapa ndipo mgonjwa anaweza kumsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha damu, kwa sababu daktari anakuona mara moja kwa miezi kadhaa, na wewe uko na ngozi yako kila siku.

Nunua kava la plastiki angavu la kufunikia daftari na kalamu ya wino usiofutika. Safisha ngozi, ikauke. Laza plastiki juu ya baka bila kuivuta, kisha fuata ukingo kwa kalamu. Fuata pale ugumu unapoishia chini ya kidole, siyo pale rangi inapoishia. Chora pia alama moja isiyohama: kitovu, mfupa wa kiwiko, doa la kuzaliwa. Andika tarehe, kulia au kushoto, juu na chini. Itunze ikiwa imenyooka ndani ya kitabu. Baada ya mwezi chora nyingine na uziweke moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Mstari mpya ukiwa nje ya ule wa zamani, baka linatembea.

Piga na picha pia, mahali palepale, saa ileile, ukiweka rula pembeni. Zima vichujio vya urembo vya simu. Vinafuta kile hasa unachotaka kionekane.

Linatembea kama:

- linapanuka, au jipya limetokea;
- ukingo una joto, umevimba kidogo, au umebadilika rangi hivi karibuni;
- linawasha au linachoma wakati zamani lilikuwa kimya;
- ugumu unaongezeka.

Limetulia kama mipaka haijasogea kwa miezi mingi, ngozi inaanza kulainika, na kilichobaki ni weusi au mbonyeo. Weusi huo huweza kukaa miaka. Watu wengi hudhani ugonjwa bado upo kwa sababu rangi haijarudi, wakaendelea kupaka dawa kali bure. Rangi siyo kipimo.

"Haliumi, kwa nini nihangaike?"

Kwa baka moja dogo mgongoni mwa mtu mzima, nakubali: hakuna dharura. Lionwe na daktari, lipakwe dawa, lifuatiliwe. Mengi ya aina hiyo hutulia ndani ya miaka 3 hadi 5.

Kwa mtoto mwenye mchirizi, kungoja ni hatari. Mchirizi ukipita juu ya kiungo, ngozi na misuli hufupika na kiungo hushindwa kunyooka. Ukishuka mguu mzima, mfupa wa mguu huo unaweza kukua polepole kuliko wa pili, na mtoto akabaki na mguu mfupi maisha yake yote. Ukiwa usoni unaweza kula mafuta ya shavu, kupinda taya, kuvuruga mpangilio wa meno.

Zaidi ya hapo, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto 750 wenye ugonjwa huu ulikuta kwamba takriban mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo jingine nje ya ngozi, mara nyingi maungio, kisha mishipa ya fahamu na macho. Kwa hiyo mtoto achunguzwe mwili mzima, siyo baka tu.

Mambo ya kuangalia nyumbani bila kumtisha mtoto:

- suruali ya shule ikionekana ndefu upande mmoja, au ndala moja kulika soli kuliko nyingine;
- kushindwa kuchuchumaa chooni au kukaa vizuri wakati wa kusujudu;
- viganja kutokutana vizuri anapovibandika pamoja kifuani, vidole vikiwa vimenyooka;
- kuumwa kichwa mara kwa mara, kuzubaa ghafla, au degedege kwa mtoto mwenye mchirizi kichwani au usoni.

Hilo la mwisho halingoji miadi. Degedege la mtoto mwenye mchirizi wa kichwani lisihesabiwe kuwa la malaria tu wala kuwa la mashetani. Aende hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kuhusu mchirizi, hata kama umefichwa na nywele. Huenda akahitaji kipimo cha MRI.

Na macho. Uvimbe wa ndani ya jicho unaweza kuanza bila jicho kuwa jekundu wala kuuma. Mtoto mwenye skleroderma ya sehemu apelekwe kwa daktari wa macho mapema, na kama iko usoni au kichwani arudi kila baada ya miezi atakayopangiwa, hata anapoona vizuri.

Nani amesababisha?

Hakuna. Kinga ya mwili huchokozeka, uvimbe mdogo hutokea ndani ya ngozi, na mwili hutengeneza kolajeni kupita kiasi. Wakati mwingine huanza mahali palipogongwa au kujeruhiwa. Hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja, kulala pamoja wala kutumia taulo moja. Haurithiwi moja kwa moja kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mama hakula kitu kibaya akiwa mjamzito. Naandika hili kwa sababu nimesikia akina mama wakitupiwa maneno na mawifi mbele ya mtoto mwenyewe, na mtoto anasikia yote.

Uende wapi, ubebe nini

Anza na kliniki ya ngozi. Tanzania ina bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi wanaofanya kazi mikoani na nchi jirani. Uliza hospitali ya rufaa ya mkoa wako kama wana mtaalamu wa ngozi kabla ya kupanga safari ya Dar es Salaam. Kenya, kliniki za ngozi zipo kwenye hospitali kubwa za rufaa. Wataalamu wa baridi yabisi ni wachache Afrika Mashariki, na mtoto mwenye mchirizi anastahili kuonwa na mmoja wao au na daktari bingwa wa watoto. Omba rufaa waziwazi. Kuomba rufaa si kumdharau daktari aliye mbele yako.

Beba:

- plastiki zako na picha zenye tarehe;
- krimu zote ulizopaka, pamoja na zile unazoona aibu kuzitoa kwenye mkoba;
- majina ya dawa unazomeza kila siku;
- kadi ya chanjo kwa mtoto.

Daktari anaweza kutaka kuchukua kipande cha ngozi cha milimita 4 hadi 6 kwa sindano ya ganzi. Familia nyingi hukataa zikidhani kukata kutasambaza ugonjwa mwilini. Hausambai kwa njia hiyo. Lililo halali kuuliza ni kuhusu kovu: kama huota makovu makubwa, sema mapema, hasa ikiwa ni usoni.

Kuhusu damu, hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha ugonjwa huu. Wengine hupewa majibu chanya ya kipimo cha kingamwili kiitwacho ANA na kurudi nyumbani wakilia kwamba wana lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili. ANA chanya huonekana kwa wagonjwa wengi wa skleroderma ya sehemu na peke yake haimaanishi lupasi.

Dawa za kupaka

Kwa baka la juujuu, madaktari huanza na krimu kali ya steroidi kwa wiki walizopanga, au takrolimasi ya asilimia 0.1, au kalsipotrioli. Paka juu ya baka na ukingo wake tu. Usitarajie miujiza kwa wiki mbili. Ngozi ngumu hulainika kwa miezi. Usiongeze muda wa steroidi kwa uamuzi wako, kwa sababu ikizidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na hapo hutajua kilichoharibu ni ugonjwa au ni dawa.

Tiba ya miale ya urujuanimno husaidia baadhi ya wagonjwa, lakini mashine zake ni chache na unatakiwa kurudi mara kadhaa kwa wiki kwa wiki nyingi. Kujianika juani si mbadala wake.

Krimu haifiki kwenye misuli wala mfupa. Kama mchirizi ni wa kina, au uko usoni, au unavuka kiungo, na umepewa krimu tu, rudi uulize kwa nini.

Methotrekseti: soma sehemu hii mara mbili

"Hii si dawa ya saratani?" Ndiyo, kwa dozi kubwa hutibu saratani. Kwa dozi ndogo ya mara moja kwa wiki hutuliza kinga ya mwili, na kwa miaka mingi wamepewa watoto wenye baridi yabisi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011 likiwahusu watoto 70 wenye skleroderma ya sehemu, waliopewa methotrekseti pamoja na prednisoni, yaani steroidi ya kumeza, walipata nafuu ya kudumu zaidi kuliko waliopewa prednisoni na kidonge kisicho na dawa. Kwa mchirizi wa mtoto, ndiyo dawa ya kwanza ya kuzuia kilema. Naiamini, lakini haisamehe uzembe.

- Ni mara moja kwa wiki. Si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Chagueni siku moja, iandikeni kwa kalamu nene juu ya boksi: IJUMAA PEKEE. Mtu mmoja nyumbani ndiye atoe dozi, na aweke alama kwenye kalenda.
- Soma miligramu kila unaponunua. Kuna vidonge vya 2.5 na vya 10, na huweza kufanana. Aliyezoea kumeza sita vya 2.5, yaani miligramu 15, akipewa vya 10 akameza sita, amemeza 60.
- Usichanganye na Septrin. Dawa hii inatolewa kwa kikohozi, kuharisha, UTI, kila kitu. Pamoja na methotrekseti inaweza kuzima uboho usitengeneze damu. SP ya malaria nayo ni ya kuogopwa kwa sababu ileile. Kila mhudumu anayekuandikia dawa yoyote aambiwe: "Natumia methotrekseti." Kama unameza Septrin kila siku kwa sababu ya VVU, usiiache mwenyewe, daktari aamue.
- Pima kabla na katikati. Kabla ya kuanza: damu, ini, figo, TB, homa ya ini, VVU. Baadaye: damu na ini kwa ratiba. Asiyeweza kumudu vipimo aseme mapema ili ratiba ipangwe. Kuendelea na dawa bila vipimo ni hatari.
- Meza asidi ya foliki kama ulivyoandikiwa. Hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo.
- Pombe, acha. Ini lina kazi ya kutosha.
- Mimba, hapana. Dawa hii huharibu kijusi. Msichana aliyevunja ungo aambiwe hili yeye mwenyewe, kwa heshima, si kupitia kwa mama pekee. Anayetaka mtoto, mwanamke au mwanamume, azungumze na daktari miezi kadhaa kabla.
- Chanjo hai, kama ya surua na homa ya manjano, zisitolewe bila daktari kukubali. Mjulishe muuguzi, hasa wakati wa kampeni za shuleni.

Usimeze dozi inayofuata na uende hospitali ukipata homa, vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, macho ya njano, kutapika kusikokoma, au kikohozi kikavu chenye kukata pumzi. Homa ya anayetumia dawa hii isiishie kwenye kipimo cha malaria. Apimwe na damu yote.

Utaanza kuona tofauti baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi huacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi. Wengine huacha ngozi inapolainika. Mazoea ya madaktari ni kuendelea angalau miezi 12 baada ya ugonjwa kutulia, kwa sababu ukiacha mapema hurudi. Methotrekseti ikishindwa, ipo mikofenoleti na nyingine. Prednisoni au prednisoloni ikiwa imetumika kwa wiki kadhaa isikatwe ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Makosa yanayorudi kila mara

Mkorogo. Weusi wa baka humsukuma mtu kwenye krimu za kung'arisha. Nyingi zina steroidi kali isiyotajwa au zebaki. Ngozi inayougua ndiyo ya mwisho kustahili adhabu hiyo.

Chale na kuchanja. Wapo wanaokatwa juu ya baka ili "uchafu utoke." Kujeruhi ngozi hii kunaweza kuchochea ugonjwa, tena huleta maambukizi na makovu. Hata sindano ya kawaida iombwe upande mwingine.

Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya kibomba kimoja. Hufunika sura ya ugonjwa, na daktari anakuta ngozi isiyosomeka.

Kusugua kwa dodoki na maji ya moto ili ngozi ilainike. Hailainiki. Oga maji ya uvuguvugu, paka vaselini au mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kunyamaza kuhusu sehemu za siri. Baadhi ya wanawake wenye mofea hupata weupe, muwasho na ngozi kukaza kwenye sehemu ya nje ya uke, ugonjwa ujulikanao kama likeni sklerosasi. Hutibiwa kama fangasi miaka na miaka. Unatibika kwa steroidi ya kupaka, na ukiachwa hubana njia na mara chache huzaa saratani. Mwombe daktari aangalie. Kama unaona haya, omba daktari wa kike.

Mazoezi na kiatu

Kiungo chenye mchirizi kinyooshwe kila siku, hata dawa zikiwa zinafanya kazi. Mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mara moja, kisha fanyeni nyumbani: nyoosha taratibu hadi pale panapobana, shikilia, achia, rudia. Usilazimishe hadi mtoto alie. Kama vidole ndivyo vinavyopinda, kibao cha kuvinyoosha usiku husaidia.

Urefu wa miguu upimwe kila miezi michache na mtu yuleyule. Ukitofautiana kwa kiasi cha kumfanya mtoto achechemee, fundi viatu anaweza kuongeza soli kwa kipimo kilichoandikwa na mtaalamu, na kiuno na mgongo vikaokoka. Msikisie kwa macho.

Mtoto aruhusiwe mpira, kuogelea, kukimbia. Kumkalisha ndani "asijiumize" hukakamaza kiungo zaidi.

Shule na watu

Mwalimu wa darasa aambiwe mambo matatu tu: hauambukizi, mtoto ashiriki michezo, na akipata homa mzazi apigiwe simu. Mtoto naye apewe sentensi fupi ya kuwajibu wenzake: "Ni ngozi yangu imekaza, haiambukizi." Mwenye sentensi yake mwenyewe hanyamazi akitaniwa.

Kijana anayevaa mikono mirefu kwenye joto la Tanga au Mombasa anakuambia kitu. Mwulize anajisikiaje, na kama amejitenga au hali, mpeleke kwa mshauri nasaha. Kwa wanaouliza kuhusu ndoa: ugonjwa huu wenyewe hauzuii kuolewa, kuoa wala kuzaa, linalohitaji mpango ni dawa.

Upasuaji wa kujaza shavu au paji lililobonyea upo, na unaweza kurudisha sura vizuri. Usifanywe wakati ugonjwa unatembea. Madaktari hungoja utulie kwa muda mrefu kwanza.

Baada ya kuacha dawa

Ugonjwa huu unaweza kurudi, hata baada ya miaka ya utulivu, na si kwa wagonjwa wachache, hasa waliopata mchirizi utotoni. Kwa hiyo endelea na plastiki na picha kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu. Mtoto afuatiliwe hadi amalize kukua, na miadi ya macho isikatwe kwa sababu tu ngozi imelainika. Ukingo ukipata joto, mstari ukitoka nje ya ule wa zamani, au kiungo kikianza tena kubana asubuhi, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi: nenda kliniki wiki hiyohiyo na plastiki mbili za mwisho mkononi.